Wazee Wakae, Watoto Wacheze

Somo la wiki: Zekaria 8:1–17



Nabii Zekaria alihubiria watu waliochoka. Walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli wakaukuta Yerusalemu magofu. Unabii wa sura hii tunauweka katika mwaka wa nne wa mfalme Dario, yaani 518 kabla ya Kristo. Hekalu lilikuwa bado linajengwa, na kuta za mji zilikuwa chini. Zingebaki chini zaidi ya miaka 70 mpaka Nehemia aje. Nyumba zilikuwa chache na watu wa kuzikaa walikuwa wachache zaidi. Kwa watu hao Mungu akaahidi kwamba anarudi kukaa katikati ya mji wake.

Sikilizeni dalili aliyowapa ili waujue mji ambao Mungu amerudi kukaa ndani yake. Hakuanza na dhahabu ya hekalu, wala na urefu wa ngome. Alisema mabibi na mababu wataketi tena katika njia za Yerusalemu, kila mmoja na mkongojo wake kwa ajili ya umri mwingi, na njia hizo hizo zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Mji uliokombolewa, kwa macho ya Mungu, ni mji ambao mzee anaweza kukaa nje na mtoto anaweza kucheza nje.

Kwa nini wazee na watoto? Kwa sababu hao ndio wa kwanza kutoweka mji ukiharibika. Fujo ikizuka, mzee hana mbio. Magari yakizidi kasi, mtoto ndiye anayegongwa. Taka zikirundikana, kifua cha mtoto na cha bibi ndivyo vinavyotangulia kubana. Kijana mwenye nguvu anaweza kuishi karibu popote kwa muda. Atapita njia mbaya akiharakisha, atarudi usiku ameficha simu soksini. Mzee na mtoto hawawezi. Kwa hiyo ukimkuta mzee ametulia nje jioni, ameketi bila wasiwasi, umekuta ushahidi wa mambo mengi kwa pamoja: kwamba amekula, kwamba ana wa kumsalimu, kwamba hamwogopi apitaye. Na mtoto anayecheza nje ni ushahidi kwamba mama yake anawaamini majirani.

Mstari wa 10 unatuonyesha mji ule ulivyokuwa kabla ya ahadi. Mtu hakupata ujira wa kazi yake, hata mnyama hakupata. Aliyetoka na aliyeingia hakuwa na amani. Jirani alimgeukia jirani. Sisi wa Nairobi hatuhitaji mfafanuzi wa maneno hayo: kazi hakuna, usalama hakuna, na kila mlango una kufuli mbili. Basi ahadi aliyoitoa Mungu kwa mji wa namna ile inatuhusu.

Wiki hii nawaalika tutafakari juu ya kiwanja cha mtaa. Nasema juu ya kile kipande cha ardhi ambacho si cha mtu mmoja: kina miti kadhaa, benchi, bembea, goli mbili za mabomba, labda ukuta uliochorwa. Wengi wetu tunakiona kuwa jambo la kaunti, au la mwakilishi wadi wakati wa kampeni. Zekaria anatufundisha kwamba ni jambo la imani. Mahali wazee wanapokaa na watoto wanapocheza ndipo Mungu alipoelekeza kidole akasema: tazameni hapo, mtajua kama nimerudi.

Tuanze na Dandora. Mtaa huo, mashariki mwa jiji letu, ulianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na Halmashauri ya Jiji. Vilipimwa viwanja vipatavyo 6,000, vikawekewa maji na choo, na mwenyewe akaachiwa amalizie vyumba kadiri ya uwezo wake. Kati ya nyumba ziliachwa nyua za pamoja. Miaka ikapita. Vyumba vya kupangisha vikaongezeka, nyumba zikaota ghorofa, jaa kuu la taka la jiji likakua ubavuni mwa mtaa, na nyua nyingi zikawa mahali pa kumwaga uchafu na pa kujificha waporaji. Jina la Dandora likawa linatajwa kwa hofu, ingawa huko huko ndiko kulikotoka sauti za muziki ambazo nchi nzima imezisikia, Ukoo Flani Mau Mau na Juliani wakiwa miongoni mwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 vijana wa Dandora walianza kusafisha ua wao. Kikundi chao kikaitwa Mustard Seed, yaani punje ya haradali, jina ambalo msomaji wa Mathayo 13 analitambua mara moja. Walichofanya si siri wala si muujiza. Waliondoa taka. Walipanda nyasi na miti. Walipaka rangi kuta na malango, wakachora. Walitengeneza mahali pa kukaa na mahali pa watoto. Kisha wakafanya jambo gumu kuliko yote hayo: walikubaliana na wakazi wachange kidogo kidogo ili usafi na ulinzi viendelee baada ya siku ya kwanza ya shangwe. Nyua nyingine zikaiga. Yakafuata mashindano ya nani ameubadilisha mtaa wake vizuri zaidi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaoshughulika na makazi, ambao ofisi zao ziko Gigiri upande wa pili wa jiji, wakaja kushirikiana nao.

Ingieni kwa fikra ua wa namna hiyo saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea. Matairi ya lori yamezikwa nusu ardhini yakapakwa rangi nyekundu, njano na buluu, na mtoto wa miaka mitatu anajaribu kulipanda moja kwa tumbo, anateleza, anajaribu tena. Wasichana wamefunga kamba ya mpira miguuni wanaruka blada, mmoja akihesabu kwa sauti. Wavulana wamechora duara mchangani kwa ajili ya bano. Kwenye benchi la zege bibi anakata sukuma wiki ndani ya beseni, kisu kikienda chenyewe, macho yako kwa wajukuu. Pembeni wazee wawili wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, vya mmoja vimeangalia juu, vya mwenzake vimefunikwa. Hakuna aliyelipa kiingilio. Hakuna aliyeulizwa kabila. Zekaria angepita hapo asingehitaji mkalimani.

Kuna waumini watakaosema: mchungaji, hayo ni mambo ya mwili, sisi tunashughulika na roho. Ndugu zangu, miili hiyo Mungu ndiye aliyeiumba. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka na kutoa jasho, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Sasa fikirieni familia ya watu sita katika chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, jiko karibu na mlango. Dakika hizo 60 mtoto atazipatia wapi? Juu ya kitanda? Kwenye ngazi za ghorofa ya tano? Barabarani kati ya bodaboda? Mwenye nyumba yenye bustani anaweza kuishi bila kiwanja cha umma. Mwenye chumba kimoja hawezi. Kiwanja cha mtaa ni sebule ya mtu ambaye nyumba yake haina sebule, na anayekijali anamjali maskini.

Tena kuna swali la urembo. Wengine huuliza: watu wana njaa, rangi za ukutani ni za nini? Rudini Mwanzo 2:9. Mungu alipoipanda bustani ya kwanza, Maandiko yanataja miti inayopendeza kwa macho, ndipo yanataja inayofaa kwa chakula. Macho yalitangulia tumbo. Rudini tena Kutoka 31. Wana wa Israeli wamo jangwani, watu waliotoka utumwani juzi, wanalala hemani na hawana hata shamba. Huko huko Mungu anamwita Bezaleli wa kabila la Yuda, anamjaza Roho wake ili achonge, afue, atie nakshi. Huyo ndiye wa kwanza kutajwa katika Maandiko kuwa amejazwa Roho wa Mungu, naye alikuwa fundi wa sanaa. Mungu hakusubiri watu wake wapate mali ndipo awape uzuri. Aliwapa uzuri wakiwa maskini ili wajue kwamba hawakuwa tena watumwa wa Farao.

Kijana anayesimama juu ya ngazi na makopo yake ya rangi, akichora kwenye ukuta wa ua uso wa mama mboga wa mtaa au ndege wenye shingo ndefu kati ya mianzi, anafanya kazi ya ukoo wa Bezaleli, ajue asijue. Tazameni matokeo yake. Ukuta wenye onyo la faini watu huukojolea hivyo hivyo. Mbele ya ukuta wenye uso wa jirani yao huona haya. Onyo linamwambia mpitaji kwamba anashukiwa. Picha inamwambia kwamba mahali hapa pana wenyewe, naye ni mmoja wao.

Lakini ahadi ya Zekaria haikuwaacha watu wakiwa wamekunja mikono. Katika mstari wa 9, na tena katika mstari wa 13, Mungu anawaagiza waitie mikono yao nguvu. Ni mara mbili, kabla na baada, ili wasidhani kwamba wazee na watoto wataletwa na upepo. Aliyesema atarudi kukaa mjini ndiye aliyewaambia washike vyombo vya kazi. Vijana wa Dandora hawakungoja kaunti iwaletee bustani kama zawadi. Walishika reki na karai. Ndivyo neema inavyofanya kazi: inamwinua mtu aliyekaa, inampa jembe.

Na bado jembe peke yake halitoshi. Mstari wa 16 unaongeza agizo jingine: kila mtu amwambie jirani yake kweli, na hukumu za haki na amani zitolewe malangoni. Siku zile langoni mwa mji ndipo wazee walipoketi kuamua mashauri, na mashauri ya ardhi yalikuwa miongoni mwayo. Mungu aliweka uwanja wa watoto na kesi ya langoni katika sura moja, kwa sababu watoto hawawezi kucheza juu ya ardhi iliyoibwa.

Tunajua. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa, na uwanja wao wa kuchezea uko upande wa pili. Tarehe 19 mwezi huo, wakiwa na sare zao na wakisindikizwa na wanaharakati, waliusukuma ukuta ule mpaka ukaanguka. Wakarushiwa vitoa machozi. Picha za watoto wakikohoa na kufuta macho katikati ya moshi zilizunguka dunia nzima. Kiwanja kikarudishwa kwa shule. Tuutafakari msiba huo vizuri: Mungu alisema dalili ya kuwapo kwake ni watoto wanaocheza, na katika jiji letu watoto walipodai mahali pa kucheza walijibiwa kwa moshi. Tuutafakari pia ushindi wake: ukuta uliojengwa kwa fedha na ujanja ulianguka mbele ya mikono ya watoto wa shule ya msingi.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1989 palipangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifungua kwa wananchi mwaka 1969. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, moja baada ya nyingine, kwa wakubwa wa hapa na kwa waliotakiwa kutoa fedha ng'ambo. Bungeni alikejeliwa. Shirika lake la Green Belt Movement lilifukuzwa katika ofisi ya serikali liliyokuwa likiitumia. Hakunyamaza. Wenye fedha walijitoa na mradi ukafa. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika pembe ya bustani hiyo, wakifunga chakula ili wana wao waachiliwe. Polisi walipowatawanya kwa nguvu, walikimbilia kanisani, All Saints Cathedral, jirani kabisa na bustani, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Kanisa lililofungulia mlango watu waliofukuzwa bustanini lilikuwa limemwelewa Zekaria.

Na mnajua Uhuru Park ilikuja kuwa nini baadaye. Tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani ile ile iliyonusurika kumezwa na jengo, mbele ya umati mkubwa, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi. Katiba hiyo katika kifungu cha 62 inaeleza ardhi ya umma ni ipi. Nchi ilihitaji mahali pa wazi pa kukusanyika ili ijiwekee sheria, na mahali hapo palikuwapo kwa sababu mama mmoja alikataa kunyamaza.

Nenda sasa upande wa pili wa katikati ya jiji, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu wa jamii ya Bohra, aliyezaliwa Karachi na kupata utajiri kwa kazi za reli ya Uganda. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kuigeuza kuwa maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuupinga, na Profesa Maathai akasimama naye. Bustani ikabaki. Leo watu wachache wanaweza kukuonyesha jengo alilojenga Jeevanjee. Kila mtu anaweza kukuonyesha bustani yake. Alichojiwekea kimesahauliwa, na alichowapa watu wote kinabeba jina lake mpaka leo.

Pita hapo saa saba mchana. Mhubiri amesimama na Biblia na spika ndogo, jasho linamtiririka. Hatua chache kutoka kwake wako wananchi wa kile kinachoitwa Bunge la Mwananchi, wanajadili bajeti kwa ukali bila kulipwa marupurupu. Karani amelala kwenye nyasi, viatu amevipanga kichwani. Kijana ameketi na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake, amezunguka ofisi tangu asubuhi na sasa anapumzisha miguu. Mhubiri Mkristo anatangaza Injili juu ya ardhi iliyotolewa na Mwislamu, na hakuna anayeona ajabu. Katikati ya jiji hili ni vigumu kupata kiti kingine ambacho hununui chochote ili ukikalie. Mkahawani usipoagiza chai utaombwa usimame. Bustanini mtu anakaa kwa sababu ni mtu. Mbele za Mungu pia hatuna cha kulipa ndipo tukae, na ni vizuri kuwe na mahali mjini panapotufundisha hivyo kwa vitendo.

Torati ilikwisha kuliona jambo hili. Katika Mambo ya Walawi 25:34, katikati ya sheria nyingi za kuuza na kukomboa ardhi, Mungu anasema malisho ya wazi yanayozunguka miji ya Walawi hayauzwi kamwe. Ni milki yao ya daima. Nyumba iliweza kuuzwa na kukombolewa. Ile nafasi ya wazi ya wote haikuwa na bei. Mungu alijua kwamba siku zote atatokea mtu mwenye fedha na shida ya haraka, na kwamba ardhi isiyojengwa humwonekea mtu wa namna hiyo kuwa ardhi isiyo na kazi. Kwa hiyo akaifungia mlango wa soko mapema.

Hapa neno lituguse na sisi wa madhabahuni. Yako makanisa katika nchi hii yaliyosimama juu ya viwanja vilivyotengwa kwa watoto. Mabati hayawi matakatifu kwa sababu yamelizunguka hema la ibada, na mnyakuzi hatakaswi kwa kutoa sadaka kubwa Jumapili. Kama kanisa linakalia mahali pa kuchezea watoto, basi limekalia dalili ya kuwapo kwa Mungu, na toba yake ni kuondoka.

Najua hofu mliyonayo. Mama mmoja mzazi aliniambia: mchungaji, kiwanja chetu kimejaa wavuta bangi, afadhali kijengwe kituo cha mafuta. Hofu yake ni ya kweli na siidharau. Lakini tuangalie jinsi kiwanja kinavyoharibika. Taa inaungua, hakuna anayeibadilisha. Mama wa kwanza anamkataza mtoto wake kwenda, kisha wa pili, kisha wote. Wazee wanahamia ndani. Siku wanaondoka wema wote ndiyo siku wengine wanaingia. Kiwanja hurudi kwa njia ile ile kiliyoharibikia: taa inawekwa, nyasi zinakatwa, mzee mmoja anakaa, wa pili anamfuata, watoto wanasogea karibu na wazee. Hata kijana aliyekuwa akivuta pale kwenye kona mara nyingi ni mtoto wetu aliyekosa mahali pa kuwa na kitu cha kufanya. Mpe mpira wa kufundisha wadogo, mpe ufunguo wa stoo ya reki, mpe ukuta wa kuchora. Yesu hakuwafukuza watu kama hao kwenye meza yake, na sisi tusiwafukuze kwenye nyasi.

Basi wiki hii tufanye nini?

Kwanza, nenda ukakitembelee kiwanja cha mtaa wako kwa miguu. Ukizunguke chote. Ukimkuta mtu, msalimie na umuulize jina. Huwezi kuombea mahali ambapo hujakanyaga.

Pili, waulizeni wazee wa mtaa hati ya kiwanja hicho iko wapi na mipaka yake inaanzia wapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo iliyopewa kusimamia ardhi ya umma kwa niaba ya serikali ya taifa na za kaunti. Kuuliza ni haki ya mwananchi, wala si uchochezi. Mawakili na wapima ardhi mlio katika ushirika wetu, kipaji hicho mmepewa kwa ajili ya siku kama hizi. Ulizeni sasa, kabla mabati hayajafika.

Tatu, vikundi vya vijana na vya kina mama vichague Jumamosi moja ya mwezi, kila mwezi, ya kufagia, kupanda na kukarabati. Mafundi wa kuchomelea watazame bembea na minyororo yake. Wachoraji wapewe ukuta na rangi, na wakazi waseme wanataka kuona nini juu yake. Tuwaalike jirani zetu wa msikitini na wa makanisa mengine, kwa sababu kiwanja ni cha wote na kazi yake iwe ya wote.

Nne, kila nyumba yenye mzee imtoe nje. Kuna mababu na mabibi kati yetu ambao hawajaona anga tangu mvua za masika kwa sababu hakuna wa kuwashika mkono kwenye ngazi. Mpeleke na kiti chake, na chai yake katika chupa. Umuache akae mahali watoto wanapocheza, awaone, nao wamwone. Ndivyo hadithi za mtaa zinavyopita kutoka kinywa hadi sikio, na ndivyo mtoto anavyojifunza kuamkia.

Katika mstari wa 6 Mungu anawauliza watu wale: jambo hili likiwa gumu machoni penu, je, litakuwa gumu na machoni pangu? Aliwauliza kwa sababu waliposikia ahadi ya wazee na watoto barabarani, huku wamesimama kati ya vifusi, waliona haiwezekani. Nasi tunaposimama mbele ya kiwanja kilichojaa taka tunaona hivyo hivyo. Jibu lake kwao ndilo jibu lake kwetu. Tuchukue reki.

Tuombe.

Mungu uliyepanda bustani kabla ya kujenga mji wowote, tunakushukuru kwa kila mahali pa wazi ulipotuachia. Twakushukuru kwa waliovilinda viwanja vyetu walipokejeliwa, kwa waliotoa ardhi yao ili wageni wakae, na kwa watoto waliosukuma ukuta. Uwaguse walionyakua, warudishe. Uwape waamuzi wetu ujasiri wa kusema kweli langoni. Uitie nguvu mikono ya vijana wanaofagia na wanaochora. Walinde watoto wetu wanapokimbia, uwape wazee wetu kiti, kivuli na wa kuongea nao. Rudi ukae katika mji wetu, Bwana, na utuhesabie miongoni mwa waliokuandalia nafasi. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.